Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (1922–1999): Kutoka Bei Moja ya Mahindi Hadi Soko Huria

Utangulizi

Swali kuhusu sera za uchumi wa Tanzania baada ya uhuru huja kwa sura nyingi. Linaweza kuuliza sababu za kushindwa kwa Ujamaa, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, au faida na hasara za soko huria. Mtahiniwa anayekariri orodha ya hoja hupata shida pale swali linapogeuzwa kidogo. Njia nyepesi ya kuielewa mada hii ni kufuata maisha ya mtu mmoja aliyesimama katikati ya mambo hayo yote. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Katika sura hii tutatumia mfano wa mahindi ya Mkoa wa Rukwa, kwa sababu ndani ya gunia la mahindi la Sumbawanga mvutano wote huo unaonekana waziwazi.

Maisha ya awali

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mkoa wa Mara wa leo. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mugaya Nyang'ombe. Alianza masomo mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Shule ya Tabora mwaka 1937. Mwaka 1943 alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na baadaye akafundisha St. Mary's, Tabora.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, ambako alisoma historia, uchumi na falsafa. Alihitimu shahada ya uzamili mwaka 1952. Uingereza ya wakati huo ilikuwa imetoka vitani, na serikali yake ilikuwa imetaifisha reli na migodi ya makaa ya mawe na kuanzisha matibabu ya bure. Kwa hiyo Nyerere aliona kwa macho nchi ambayo serikali yake ilishika njia kuu za uchumi.

Aliporudi alifundisha Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili aongoze harakati za uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, kisha Rais kuanzia 9 Desemba 1962. Muungano na Zanzibar ulifuata tarehe 26 Aprili 1964.

Azimio la Arusha, 1967

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Msingi wake ulikuwa kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na kwamba nchi ijitegemee. Katika siku zilizofuata mabenki, viwanda vikubwa na kampuni za biashara ya nje vilitaifishwa. Benki ya Taifa ya Biashara ilianzishwa mwaka huohuo. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba.

Serikali ikawa mwajiri, mnunuzi, muuzaji na mpangaji wa bei. Tume ya Bei ilipanga bei ya bidhaa nyingi, kuanzia sabuni hadi vipuri vya baiskeli. Kampuni za biashara za mikoa zilisambaza bidhaa. Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo watu wengi walilijua kwa jina la NMC, lilinunua nafaka za wakulima.

Bei moja nchi nzima: mfano wa Rukwa

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na makao yake makuu ni Sumbawanga. Uwanda wa Ufipa una udongo na mvua nzuri kwa mahindi, maharage na ulezi. Tatizo lake ni umbali. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kipande cha Sumbawanga hadi Tunduma, kinachopita Laela, kina kilomita zaidi ya 220, na kwa miaka mingi kilikuwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Tunduma ndipo inapopita reli ya TAZARA.

Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kwamba NMC inunue mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na mkulima wa Morogoro. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Ili kuelewa maana ya uamuzi huo, fanya hesabu hii rahisi. Tarakimu zake ni za mfano tu.

Tuseme gunia linauzwa shilingi 100 Dar es Salaam. Kulisafirisha kutoka Morogoro ni shilingi 10, na kutoka Sumbawanga ni shilingi 45. Bei ikiachiwa soko, mkulima wa Morogoro atapata kama shilingi 90, na wa Sumbawanga atapata 55. Sasa serikali inapanga bei moja ya shilingi 70. Mkulima wa Sumbawanga anaongezewa 15, na wa Morogoro anapunguziwa 20. Kwa upande wa shirika, gunia la Morogoro linagharimu 80 na kuleta faida ya 20. Gunia la Sumbawanga linagharimu 115 na kuleta hasara ya 15.

Hesabu hii inatoa mambo matatu ambayo mtahiniwa anatakiwa kuyashika:

(a) Bei moja ilikuwa njia ya kugawana umbali. Mikoa ya pembezoni ilivutwa ndani ya uchumi wa taifa. Rukwa, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya kulisha nchi.

(b) Mkulima wa karibu na mji alikuwa na sababu ya kulikwepa shirika na kuuza kwa walanguzi. Kwa hiyo magunia yaliyoleta faida yalipungua, na yaliyoleta hasara yaliongezeka.

(c) Hasara hiyo haikutoweka. NMC ilikopa benki ya serikali ili iendelee kununua. Madeni yakakua, fedha zikaongezeka mitaani bila bidhaa, na bei za vitu zikapanda. Wakati mwingine wakulima walisubiri malipo yao kwa muda mrefu, na mahindi yalikaa kwenye maghala ya vijijini yakingoja lori.

Zingatia: hoja (a) ndiyo iliyomfanya Nyerere ailinde sera hii. Hoja (c) ndiyo iliyowafanya wataalamu wa fedha waipinge. Pande zote mbili zilikuwa zikitazama gunia lilelile.

Mgogoro wa uchumi

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mambo kadhaa yaligongana:

1. Bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka 1973 na tena mwaka 1979.
2. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulilazimisha nchi kuagiza chakula kutoka nje.
3. Operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji iliharakishwa kati ya 1973 na 1976, mara nyingine kwa nguvu, na ikavuruga kilimo.
4. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Baadaye Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa.
5. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kuanzisha upya huduma kama za ndege, reli na posta.
6. Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza Oktoba 1978, vilimeza fedha za kigeni.
7. Mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara.

Matokeo yake yalionekana madukani. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni au kwa magendo. Mkulima aliyekuwa na fedha mkononi hakupata cha kununua, hivyo hakuona sababu ya kuongeza shamba.

Chimbuko la uliberali mamboleo

Wakati Tanzania ikiwa katika hali hiyo, mawazo ya uchumi duniani yalikuwa yakigeuka. Uliberali mamboleo ni mtazamo unaosema kwamba soko lenye ushindani hugawa mali vizuri kuliko serikali, na kwamba kazi ya serikali ni kulinda sheria, mikataba na thamani ya fedha. Mizizi yake ya kisasa iko kwa wanauchumi kama Friedrich Hayek, ambaye mwaka 1947 aliwakutanisha wenzake huko Mont Pèlerin, Uswisi, na Milton Friedman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Kwa miaka mingi mawazo hayo hayakuwa na nguvu serikalini. Yalijaribiwa kwanza nchini Chile baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973. Kisha Margaret Thatcher aliingia madarakani Uingereza mwaka 1979, na Ronald Reagan Marekani mwaka 1981. Mwaka 1982 Mexico ilishindwa kulipa madeni yake, na nchi nyingi zenye madeni zikajikuta mlangoni kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Mashirika hayo mawili, yaliyobuniwa mwaka 1944, ndiyo yaliyoyafikisha mawazo hayo Afrika kwa njia ya masharti ya mikopo.

Misingi yake

- Bei zipangwe na soko, si serikali.
- Thamani ya fedha ya nchi iamuliwe na soko la fedha za kigeni.
- Mashirika ya umma yauzwe kwa watu au makampuni binafsi.
- Vizuizi vya biashara ya nje vipunguzwe.
- Serikali ipunguze matumizi, ruzuku na idadi ya watumishi.
- Wananchi wachangie gharama za huduma kama elimu na afya.

Linganisha orodha hii na Azimio la Arusha. Karibu kila msingi hapa unapingana na msingi mmoja wa Azimio.

Mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa, 1979–1985

Mwaka 1979 ujumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuja Dar es Salaam. Masharti yake yalikuwa kushusha thamani ya shilingi, kuzuia mishahara isipande, kupunguza ruzuku na kulegeza udhibiti wa bei na wa bidhaa za nje. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ambaye alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, aliona kwamba nchi haina njia nyingine ila kukubali sehemu ya masharti hayo. Nyerere alikataa. Mtei akajiuzulu, na Amir Jamal akarudishwa kuwa Waziri wa Fedha.

Katika hotuba yake kwa mabalozi mwanzoni mwa mwaka 1980, Nyerere alieleza msimamo wake hadharani. Alihoji ni lini shirika hilo lilipewa mamlaka ya kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote. Alikubali kwamba Tanzania ilikuwa na matatizo na ilihitaji mkopo. Alichokataa ni kwamba anayetoa mkopo ndiye aamue kama nchi maskini itafute usawa au isiutafute. Makubaliano mafupi yaliyofikiwa baadaye mwaka huo yalivunjika upesi.

Serikali ikajaribu dawa za nyumbani. Mwaka 1981 ulitangazwa mpango wa taifa wa kunusuru uchumi, na mwaka 1982 mpango wa kurekebisha muundo wa uchumi. Mwaka 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Walanguzi walikamatwa na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa, lakini bidhaa mpya hazikuongezeka. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984.

Mwaka huohuo wa 1984 milango ilianza kufunguliwa, Nyerere akiwa bado Ikulu. Bajeti iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, ikaondoa ruzuku ya unga wa sembe na kulegeza masharti ya kusafirisha nafaka. Ushirika nao ulirudishwa. Kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba soko huria lilianza siku Nyerere alipoondoka. Yeye aliyekataa kuamriwa na watu wa nje alikubali hatua kadhaa zilizoamuliwa ndani.

Kung'atuka na makubaliano ya 1986

Tarehe 5 Novemba 1985 Nyerere aling'atuka, neno ambalo yeye ndiye aliyelieneza kutoka lugha yake ya Kizanaki. Ali Hassan Mwinyi akawa Rais. Mwaka 1986 Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na kuanza Mpango wa Kufufua Uchumi. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa takriban shilingi 17 mwaka 1985, ilifika takriban shilingi 40 katikati ya 1986, na ikapita shilingi 500 katikati ya miaka ya 1990.

Nyerere aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na kwa hiyo mabadiliko haya yalifanyika chama kikiwa bado mikononi mwake. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, na mabenki binafsi yakaruhusiwa. Kisha ilianza kazi ya kubinafsisha mashirika ya umma takriban 400. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na ile iliyobaki na jina hilo ikauzwa mwaka 2000.

Matokeo

*Matokeo chanya*

1. Bidhaa zilirudi madukani. Foleni ziliisha na magendo yalipungua.
2. Uchumi ulikua kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, tofauti na mdororo wa kabla yake.
3. Mfumuko wa bei, uliozidi asilimia 30 mwaka 1984, ulishuka chini ya asilimia 10 mwaka 1999.
4. Mkulima aliweza kuuza kwa anayemtaka na kulipwa palepale.

*Matokeo hasi*

1. Uchangiaji wa gharama uliwaumiza maskini. Uandikishaji katika shule za msingi, uliopita asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001.
2. Kuanzia 1993 wagonjwa walianza kuchangia matibabu katika hospitali za serikali.
3. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa kazini.
4. Viwanda kadhaa vilivyouzwa vilifungwa au kugeuzwa maghala, na mitumba ilidhoofisha viwanda vya nguo.
5. Pengo kati ya mikoa ya karibu na ya mbali lilirudi.

*Rudi tena Rukwa*

Bei moja ilianza kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha. Ruzuku ya mbolea iliondolewa kwa hatua katika miaka hiyohiyo. Mkulima wa Ufipa akauona umbali wake tena. Mbolea ilipanda bei kwa sababu ilisafiri kutoka mbali kuja, na mahindi yalishuka bei kwa sababu yalisafiri mbali kwenda. Wanunuzi walikuja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, wakati mkulima ana ada na madeni ya kulipa. Wengi walidai gunia la lumbesa, lililojazwa hadi juu na kushonewa kichwa, kwa bei ya gunia la kawaida.

Upande wa pili, hakukuwa tena na kungoja malipo ya shirika, na mwenye uwezo wa kuhifadhi hadi Januari aliuza kwa bei nzuri. Soko lilimlipa aliyeweza kungoja na kumwacha asiyeweza.

Baadaye serikali yenyewe ilirudi kwa kiasi. Hifadhi ya taifa ya chakula hununua mahindi Sumbawanga, ruzuku ya mbolea kwa vocha ilianza mwaka 2008, na barabara ya Tunduma ikawekwa lami. Hatua hizo hazikurudisha Ujamaa, ila zinaonyesha kwamba swali la nani abebe gharama ya umbali halikumalizwa na soko.

Miaka ya mwisho

Baada ya kung'atuka, Nyerere aliongoza Tume ya Nchi za Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, akitafuta njia ya nchi maskini kujadili madeni na biashara kwa pamoja. Alikemea rushwa na kuonya dhidi ya kuuza kila kitu cha umma. Kuanzia 1996 alisimamia mazungumzo ya amani ya Burundi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama.

Tathmini: namna ya kujenga hoja

Jibu dhaifu husema Nyerere alikosea na IMF ikasahihisha, au IMF iliharibu kazi nzuri ya Nyerere. Jibu lenye nguvu hutenganisha maswali mawili. La kwanza ni la hesabu: je, mfumo wa mashirika ya umma ungeweza kujilipia? Ushahidi wa NMC unaonyesha haukuweza. La pili ni la haki: je, anayezaliwa mbali na bandari apate kidogo kwa sababu hiyo tu? Nyerere alijibu hapana, na kushindwa kwa hesabu zake hakulifuti swali lake. Mtahiniwa akitaja yote mawili, na kuyaunga mkono kwa mfano halisi wa mahali anapopajua, atakuwa amejadili badala ya kuorodhesha.

Tarehe za kukumbuka

- 1967: Azimio la Arusha
- 1974: Mkoa wa Rukwa waanzishwa
- 1979: Mtei ajiuzulu Wizara ya Fedha
- 1984: Biashara yaanza kulegezwa
- 1985: Nyerere ang'atuka
- 1986: Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa
- 1991: Azimio la Zanzibar
- 1999: Kifo cha Mwalimu

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya uliberali mamboleo na utaje misingi yake mitano.
2. Fafanua sababu sita zilizosababisha mgogoro wa uchumi wa Tanzania kati ya 1973 na 1985.
3. Kwa nini Nyerere alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1979? Toa hoja nne.
4. Soko huria Tanzania halikuanza mwaka 1986. Jadili.
5. Bei moja ya mahindi iliwasaidia wakulima wa mikoa ya mbali lakini iliilemea serikali. Thibitisha kwa kutumia mfano wa Mkoa wa Rukwa au mkoa wako.
6. Muulize mzee mmoja wa mtaani au kijijini kwako aliyelima au kufanya biashara kabla ya 1986. Linganisha maelezo yake na matokeo chanya na hasi yaliyotajwa hapo juu, kisha andika insha ya ukurasa mmoja.